Pua ya Mama Bizari

Ndugu, jamaa, majirani na wateja mliofika kumsindikiza, familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Bizari, nami naomba mnivumilie hadi mwisho, kwa sababu humu mna jambo moja ambalo mwenyewe aliagiza lisirukwe.

Alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa baba seremala na mama mkunga, na kwa maelezo ya dada yake mkubwa, ambaye tunaye hapa, alikuwa mtoto wa kunusa kila kitu, hata dawa, hata wageni.

Alianza shule ya msingi Januari 1959 na kumaliza darasa la saba mwaka 1965, na huko aliacha sifa ya ubishi, maana mwalimu wa sayansi alipoagiza kila mmoja alete ua, yeye alipeleka karafuu moja kutoka jikoni kwa mama yake, darasa zima likamcheka, mwalimu akampa sifuri, naye hakulia, aliiloweka karafuu ile kwenye kikombe cha maji, na kesho yake akakipasua kile kichwa chake kwa wembe mbele ya mwalimu, petali zilizojikunja zikaonekana, kwani karafuu ni ua lililochumwa kabla halijachanua, na sifuri ikafutwa siku hiyo hiyo.

Februari 1967 aliajiriwa katika ghala la viungo nyuma ya soko kuu, kazi yake ikiwa kupepeta, kuokota mawe na kunyamaza, mbili za kwanza akaziweza, ya tatu ikamshinda kabisa, akawa anamganda mwenye ghala kwa maswali, pilipili manga asili yake wapi, akaambiwa India ya kusini, kungumanga je, akaambiwa visiwa vya Indonesia, na siku alipoonyeshwa kwamba kungumanga na basbasi hutoka kwenye tunda moja, ya kwanza ikiwa mbegu na ya pili utando unaoifunika, alirudi nyumbani akashindwa kula kwa furaha.

Ni katika ghala hilo alimokutana na baba yetu, fundi saa, kwa sababu ya neno moja tu, maana baba alitumwa na mama yake bizari, alipoulizwa na mama yetu bizari ipi akajibu ile ya kawaida, akafungiwa bizari nyembamba, akafukuzwa nayo nyumbani, akarudi na kubahatisha ya manjano, akafukuzwa tena, mara ya tatu ndipo akapata ya mchuzi iliyotakiwa, na mara ya nne akaja mikono mitupu, hajatumwa na mtu, akajifanya anasoma maandishi ya kwenye magunia. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 9 Septemba 1972, wakajaliwa watoto watatu na wajukuu saba.

Tarehe 2 Aprili 1979 alifungua duka lake mwenyewe, chumba chembamba chenye mashine ya kusagia upande mmoja na kikaango kipana upande wa pili, na bizari yake ya mchuzi, yenye viungo kumi na kimoja, haikuwahi kuandikwa popote, kipimo chake kilikuwa pua. Waliokuja kutafuta tiba aliwauzia huku akiwafokea, tangawizi kwa kichefuchefu haya, karafuu kwa jino haya, ila ganzi si matibabu, nenda kwa daktari wa meno, mdalasini kwa mwenye kisukari haya, ila vidonge usiache, na kungumanga aliiuza moja moja, akionya kwamba ikizidi ni sumu.

Sasa nafika pale alipoagiza. Februari 2019 aliugua mafua makali, akapona, lakini pua haikupona, akaligundua hilo asubuhi moja giligilani ilipoungua kikaangoni mbele yake naye akaona moshi tu, na hofu ikamwingia, kwani jina lake lote lilikuwa kwenye pua hiyo, na aliamini wateja wakijua watamkimbia. Alimwambia baba peke yake. Tangu siku hiyo baba, aliyezoea harufu ya mafuta ya mashine, alipitia mlango wa nyuma kila asubuhi, akasimama juu ya kikaango amefumba macho na kumweleza anachosikia, mara inanuka shati lililopigwa pasi sasa hivi, mara inanuka daftari jipya, mara imeanza kuwa na hasira, naye mama akajua nini aongeze na lini aepue. Mwaka wa pili mwalimu jirani yetu alisifu kwamba bizari ya siku hizi imeishinda ya zamani, mama akamnunia baba siku tatu nzima, ya nne akacheka hadi akakaa chini. Aliagiza mumsamehe, na anayejiona amedanganywa arudishe kopo lake la bizari.

Moyo wake ulianza kuchoka Novemba 2022, akalazwa mara tatu, na akafariki Jumamosi, tarehe 3 Juni 2023, saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia maswali yake kuhusu kila kidonge, majirani waliotupikia siku zote hizi, na wauzaji wenzake wa sokoni waliofunga maduka leo.

Jana asubuhi baba alifungua duka, akawasha jiko, akakaanga, tukamkuta amesimama amefumba macho, akatuambia kwamba harufu anaisikia vizuri sana, ila hana wa kumweleza.

Mama, pumzika kwa amani, baba tunaye.