Sulekha Tarafdar, Jina la Mkiani

Chuo kizima hakina mtu mwenye bahati kama mimi, Haradhan Bauri, mhudumu wa Idara ya Hisabati. Mwezi Machi kamati ya vyeo ilipokaa kumjadili Daktari Sulekha Tarafdar, nani alikuwa mle chumbani? Mimi! Nikatua sinia la chai, nikawapa wale mabwana somo ambalo hawatalisahau.

Dada Sulekha anastaafu tarehe 31 Julai, baada ya miaka thelathini na minne hapa Shyamdighi. Siku anaripoti, sanduku lake la vitabu nililibeba mimi, na mgongo bado unalikumbuka.

Mwanafunzi akileta jawabu la kunakili, Dada hakumkaripia. Aliniita kutoka varandani. “Haya, mweleze Haradhan. Haradhan asipoelewa, basi wewe ndiye hujaelewa.” Nimeelezwa na watoto wa watu mpaka namba tasa nazijua kuliko majina ya shemeji zangu.

Mchana alikula bisi za mchele kwa pilipili mbichi, kazimwaga juu ya karatasi ya hesabu iliyomgomea. Hesabu ikikubali, alitununulia peremende za maziwa, rosogolla, idara nzima tukala. Tumekula mara kumi na tisa, na makala zake ni kumi na tisa.

Sasa nakasirika, na mhariri wa jarida hili la kumuaga Dada asithubutu kufuta. Wanahisabati hupanga majina ya waandishi kwa alfabeti, awe aliyekesha na kazi au aliyeongeza mstari mmoja. Adhikari, mwanafunzi wa Dada mwenyewe, alitangulia kila walipoandika pamoja, Tarafdar akafuata. Kamati, iliyojaa watu wa kemia na biashara, ikadhani wa mbele ndiye mwenye kazi.

“Huyu mama ni msaidizi tu,” mwenyekiti akasema. “Tazameni, kila mahali yuko mkiani!”

Adhikari alishapewa uprofesa kwa makala hizohizo! Dada kaomba mara tatu, kanyimwa mara tatu, na ile ya Machi ndiyo ilikuwa ya mwisho. Anatoka na cheo alichokuwa nacho nywele zikiwa nyeusi. Halafu wakubwa wa chuo, siku ya kumuaga mnamvika shali na shada la maua, mnapiga makofi? Hamwoni haya?

Dada, asante kwa kila chaki uliyoimaliza kwa ajili yetu. Nenda ukapumzike, ule vizuri, hesabu zikukubali zote, na wajukuu wakuulize maswali magumu.

Kuhusu lile somo nililowapa kamati: ni uongo. Chumbani nilikuwemo, kweli. Desturi ya majina naijua, ulinifundisha mwenyewe. Mwenyekiti nilimsikia vizuri. Nikamuuliza kama anaweka sukari.