Daftari la Mwalimu Kwa Nini

Ndugu waombolezaji, mwalimu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkewe, akifuatiwa na dada yake, huyu anayewasomea. Alianza shule mwaka 1958, na mwaka uliofuata, katika mafundisho ya dini, aliuliza kwa nini Mungu ajuaye yote alimuuliza Adamu yuko wapi, akatolewa nje, akaendelea kuuliza kupitia dirisha, na hapo ndipo jina la Kwa Nini lilipomganda.

Alihitimu chuo kikuu mwaka 1975, akafundisha falsafa katika chuo cha wachungaji kwa miaka thelathini na sita, akiwaambia wanafunzi kwamba akili nayo ni ya Mungu, haiachwi mlangoni mwa kanisa kama mwavuli, wala hakusahihisha insha ya kutetea imani mpaka mwandishi wake kwanza aandike pingamizi kali kuliko yote dhidi yake.

Tarehe 6 Agosti 1977 alifunga ndoa na mpiga kinanda wa kanisa, wakajaliwa mabinti wawili, na yule mdogo akafariki kwa homa ya uti wa mgongo tarehe 2 Mei 1989, akiwa na miaka sita. Tangu hapo baba yake alihamia benchi la mwisho kanisani, daftari mapajani, akiandika mahubiri yakiendelea. Watu walisema imani imemtoka, na dada yake, tuseme ukweli, ndiye aliyetangulia kusema.

Januari mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya ini, akalazwa tarehe 20 Mei. Dada yake, akimuuguza, alichungulia daftari lile katikati ya ukurasa mmoja, akasoma, kwa nini ulimchukua, au hukuwepo, akaogopa kaka yake asije akafa akibishana na Mungu, akalificha kwenye mkoba wake. Siku tatu mgonjwa aliliulizia, siku tatu akaambiwa halionekani, mwishowe akaacha kuuliza, akageukia ukuta, na tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, akakata roho.

Jana, akitafuta tarehe za historia hii, dada alilisoma lote. Kila ukurasa unaanza na neno Bwana, na kila ukurasa unaisha na Amina. Yalikuwa maombi yake, na dada alimnyang'anya.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kukesha nasi, walimu wenzake, na wanafunzi wake waliokuja kutoka mbali. Daftari limo ndani ya jeneza, chini ya mkono wake wa kulia, pamoja na penseli iliyochongwa. Dada yako anakuomba msamaha. Pumzika kwa amani, kaka, ukamuulize ana kwa ana.