Umbali wa Fukuoka: Wasifu wa Marehemu Ok Bun-rye

Mchungaji, wafiwa, na majirani wa Yeongdo: mimi ni Mal-rye, mdogo wake marehemu. Mwanawe, Byeong-uk, ameniomba nisome kwa ufupi kwa sababu ana safari. Nitajitahidi.

Marehemu Ok Bun-rye alizaliwa tarehe 12 Machi 1944 kisiwani Geoje, binti wa kwanza wa mkulima wa vitunguu saumu. Alisoma hadi darasa la nne, kisha akaachishwa ili anibebe mimi mgongoni.

Mwaka 1966 alihamia hapa Busan, akapata kazi Yeongdo ya kugonga kutu ya meli kwa nyundo, akining'inia ubavuni mwa chombo. Mwaka 1968 aliolewa na baharia Chu Man-ho, aliyefariki mwaka 1989. Nyundo ile ilimsomesha Byeong-uk mpaka chuo kikuu, na ikamla masikio dada yangu. Ili akuelewe, ilibidi akutazame mdomo.

Kwa hiyo huyu bwana, alipohamia Fukuoka, ng'ambo ya bahari, mwaka 2003, akawa anampigia simu. Simu! Kila Jumapili dada aliishika sikioni, asisikie kitu, akaitikia tu, "Ndiyo, mwanangu." Nilipoichukua mimi, wimbo ulikuwa uleule: angependa kuja, lakini Fukuoka ni mbali, Mama Mdogo, safari inachosha. Nilimpa dada habari hiyo, naye akaiamini. Majirani walipouliza mbona mwana haonekani, aliwajia juu: mtoto yuko nchi ya mbali, wamwache.

Mei 2016 tuliamua kumfuata wenyewe. Hatukuwa tumewahi kupanda ndege. Dada alitengeneza wali wa kuviringishwa kwa mwani wa kututosha siku nzima, akabeba na mto wa kulalia njiani. Ndiyo kwanza anafungua chakula, mhudumu wa ndege akamwinamia na kumwambia afunge mkanda, tunatua.

"Tunatua wapi?" dada akauliza.

"Fukuoka, bibi."

Kilomita mia mbili na kidogo, na saa nzima haikutimia. Kwenda kwetu Geoje kwa basi siku ya sikukuu ni kazi kubwa kuliko hiyo. Mimi nilitaka nikavunje mlango wa mtu. Dada alikaa kwenye kiti cha uwanja wa ndege, akala chakula chake chote taratibu, akasema turudi. Jioni tulikuwa nyumbani.

Tarehe 3 Novemba 2023 alilazwa kwa ugonjwa wa mapafu. Byeong-uk aliambiwa siku hiyohiyo, akajibu kwamba ni mbali, atatafuta nafasi. Dada alifariki tarehe 19 alfajiri, uso ameuelekeza mlangoni. Mchana huyu hapa, kitambaa cha mfiwa mkuu kimefungwa mkononi, anakunywa supu ya nyama. Kumbe ndege zipo. Mtu wa namna hii hata kumtukana naona napoteza mate.

Marehemu ameacha mdogo wake mmoja, na mwana mmoja aliyekaa mbele pale akitazama viatu vyake.

Siku ile uwanjani, dada alinishika mkono. "Usimwambie tulifika," alisema. "Mwache aendelee kusema ni mbali. Akijua kwamba najua, hata simu hatapiga tena."

Nikanyamaza mpaka leo. Sasa hana tena wa kumpigia. Pumzika kwa amani, dada.