Mguu wa Anatole: Kumuaga Muuguzi Pascaline Nabintu

Tarehe 30 Juni, Muuguzi Pascaline Nabintu anastaafu baada ya miaka ishirini na mitatu ya kuwahudumia wagonjwa wa Juru, mtaa wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Alifika Nakivale akitokea Kivu Kusini, Kongo, akaanza kama mkalimani wa zahanati, kisha akarudia uuguzi, kazi aliyoisomea. Baiskeli yake haikuwa na breki, na sote tulijifunza kumpisha mapema.

Lakini siku ninayoikumbuka zaidi, mimi niliyekuwa msaidizi wake, haikuwa ya kucheka.

Anatole, mkulima wa maharage, alikuwa amepasuliwa katika hospitali ya mji wa Mbarara. Mishipa ya mguu wake ilikuwa imezibwa na mafuta ya kolesteroli, hivyo madaktari walimpandikizia mshipa mwingine ili damu ifike chini. Maumivu yalipokwisha, akadhani amepona, akaacha vidonge vya kuzuia damu isigande.

Adhuhuri moja mkewe, Georgette, aliingia zahanati mbio akilia kwamba mguu umekuwa baridi. Tulimkuta Anatole nyumbani amelala, unyayo umepauka kama majivu, vidole havisogei. Pascaline alitafuta mapigo ya damu kwenye kifundo. Akahamisha kidole, akatafuta tena. Hakuna. Mshipa ule mpya ulikuwa umeziba.

Georgette alileta maji ya moto aukande. Pascaline alimzuia: mguu usiohisi huungua bila mwenyewe kujua. Akauzungushia kitenge chake, tukapanda gari la mfanyabiashara wa mahindi kuelekea Mbarara.

Njiani Anatole aliuliza, “Mama Pascaline, batanikata muguu?”

“Sijue,” alijibu. “Na miye niko naogopa. Lakini sitakuacha.”

Sikuwahi kumsikia akikiri woga. 

Madaktari waliliondoa bonge la damu. Anatole alipoteza vidole viwili, mguu ukabaki. Hata hivyo walituonya kwamba mshipa ungeweza kuziba tena. Tangu hapo Pascaline alikwenda kwake kila wiki, akihakikisha vidonge vimemezwa, na kila mara alipoinama kupima kifundo, Georgette aligeuka ukutani, asitake kuona uso wa muuguzi.

Juma lililopita nilifuatana na Pascaline kwa mara ya mwisho. Kidole chake kilikaa kwenye kifundo muda mrefu. Kisha akatabasamu: mapigo yapo.

Sasa kazi hiyo ni yangu, na ninaiogopa. Asante, Mama Pascaline, kwa kutufundisha kwenda hata tukiogopa. Ustaafu salama, na siku zako zote ziwe za heri.