Kontrola ya Namba Mbili

Benchi letu liko chini ya paa la mtaa wa maduka wa Kotobuki, hapa Sakai, jirani na Osaka, mbele ya duka la miamvuli lililofungwa siku mwenyewe alipochoka na halikufunguliwa tena. Kulia kuna mashine ya vinywaji, kushoto kuna kinyozi, na kinyozi ni mimi. Wanaponiita Wembe, basi, hawakuumiza kichwa. Asubuhi nisiyokuwa na mteja, na siku hizi asubuhi za namna hiyo ndizo nyingi, hukaa hapo na kahawa ya kopo ikinipasha viganja, nikisikiliza watu wazima wakidanganyana. Hufika Mzee Kuwabara, Fundi Waya, aliyekuwa akitengeneza televisheni na majokofu ya mtaa mzima mpaka watu walipoanza kutupa badala ya kutengeneza. Hufika Okuno, dereva wa teksi wa zamu ya usiku, tunayemwita Profesa kwa sababu hakuna jambo asilokuwa na maelezo yake. Na asubuhi moja ya Februari akaja Hisae wa duka la tofu, ile jibini ya soya, bado na aproni na buti za mpira, amekumbatia boksi.

Akaliweka benchini katikati yetu, akatoa Famikon, ile mashine ya michezo ya televisheni.

Niseme ukweli, moyo ulinidunda. Ule weupe wake ulikuwa umegeuka manjano kama meno ya mvuta sigara, lakini wekundu ulikuwa bado wekundu. Kontrola zake mbili za kushika mkononi zilikuwa zimelala ubavuni, kila moja kitandani pake, na waya zake fupi zilikuwa zimefungwa kwa ndani, hazichomoleki. Mimi na Profesa tulikuwa watoto wa shule ya msingi mashine ile ilipotoka, kiangazi cha mwaka themanini na tatu. Kabla ya hapo televisheni ilikuwa kitu cha kutazama tu. Baada ya hapo ikawa inakusikiliza.

— Ulikuwa umeificha wapi? Profesa akauliza.

— Juu ya kabati la matandiko, Hisae akasema. Kaka anarudi leo.

Kaka yake ni Tetsuji, tuliyesoma naye darasa moja, na ndiye aliyekuwa akipika tofu pale dukani tangu baba yao alipofariki. Vuli iliyopita alipigwa na kiharusi mbele ya sufuria la soya. Mkono wa kulia ukafa, na maneno yakaenda nao. Anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu, ila mdomo hautoi neno. Hata hivyo si hilo lililokuwa likimtisha Hisae. Alitueleza huku akifuta vumbi kwa pindo la aproni kwamba kaka yake ameacha kujaribu. Kule hospitali ya mazoezi, mtaalamu akija, yeye hugeukia ukutani. Majira yote ya baridi hakutoa sauti, hata ya maumivu. Daktari alimwambia Hisae waziwazi kwamba huko nyumbani ndiko kuliko na matumaini yaliyobaki. Akijifungia na huko, basi.

— Nataka akifika akute kitu asichoweza kukikataa, Hisae akasema. Na hiki akikikataa, mimi sijui tena.

Profesa akaanza kupuliza kahawa yake iliyokwisha poa zamani.

Fundi Waya aliinuka, akaenda kwake, akarudi anasukuma toroli lenye televisheni ya zamani, ile nene yenye kisogo, kwa sababu hizi nyembamba za siku hizi haziijui mashine hii. Tukaipandisha juu ya kreti la bia, nikavuta waya wa umeme kutoka dukani kwangu. Hisae akatoa kaseti ya mchezo. Juu yake palikuwa pameandikwa kwa kalamu nene ya mtoto: TETSUJI WA TOFU. Enzi zile kaseti zilikuwa zikitembea nyumba hadi nyumba, na isiyokuwa na jina haikurudi kwao.

Akaichomeka, akawasha. Kioo kikaleta ukijivu mtupu.

— Puliza, Profesa akasema.

— Usipulize, Fundi Waya akasema.

— Mzee, kaseti isipowaka inapulizwa. Hata mtoto mchanga analijua hilo.

— Na ndiyo maana zimekufa nyingi. Pumzi ina maji. Maji yanakula shaba. Mlikuwa mnaziua huku mnadhani mnaziponya.

— Sasa mbona tukipuliza zilikuwa zinawaka?

— Kwa sababu mlikuwa mnazichomoa na kuzichomeka tena, mpumbavu wewe. Kuchomeka ndiko kulikowasha.

Nikamwona Profesa akiumia kweli. Utoto mzima alikuwa amepuliza, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ilikuwa kazi bure. Lakini huyu bwana hakai chini muda mrefu. Akajipangusa masharubu, akaanza kutupa nadharia: pumzi za watoto wa nchi nzima zimo ndani ya mashine hizi, ndiyo maana dunia haijazisahau. Kitu kilichopulizwa roho hakifi.

— Kilichopulizwa kinashika kutu, Fundi Waya akasema, akaniomba spiriti ninayosafishia vitana.

Akaifuta kaseti kwa kijiti cha masikio, taratibu, huku Profesa akimsimamia kichwani na kusema mvumilivu hula mbivu, wakati yeye mwenyewe alikuwa anakula andazi la tatu la makapi ya soya ambalo Hisae alituletea. Kaseti ikarudi ndani. Mara ukatoka ule muziki mwembamba, wa sauti tatu nne tu, na jahazi dogo likatokea kwenye mto wa buluu. Mwenye duka la samaki upande wa pili aliacha kisu akatazama. Nilijikuta nimesimama, na sikumbuki niliinuka saa ngapi.

Hapo kila mtu akawa na lake. Nikakumbuka jinsi mama yangu alivyokuwa akiuficha waya wa umeme ndani ya pipa la mchele, na jinsi nilivyokuwa nikijua. Fundi Waya akakumbuka zile za mwanzo kabisa zenye vitufe vya mraba vya mpira, vilivyokuwa vikibonyea na kugoma kurudi, hata watoto wakajipanga dukani kwake kila mmoja na mashine yake kwapani. Akatukumbusha pia kwamba kule Kyoto wenye kiwanda waliendelea kuiunda miaka ishirini, wakati nyingine zilizokuja nyuma yake zilishaoza kwenye majaa. Kwa maoni yake sababu ni moja tu: ndani haina mengi, na kisichokuwa na mengi hakiharibiki.

— Si hivyo, Profesa akasema. Sababu ni waya.

— Waya gani?

— Wa kontrola. Tazama ulivyo mfupi. Na hauchomoleki, kwa hiyo mlilazimika kukaa bega kwa bega mbele ya televisheni, mtake msitake. Ndiyo maana kizazi chetu kiliweza kuoa.

— Wewe hujaoa, nikamwambia.

— Mimi nilikuwa mtoto wa pekee.

Tulicheka, na hata Hisae alicheka. Profesa akapata nguvu. Akatangaza kwamba magari yote, redio zote na treni zote za nchi hii zimejengwa na kidole gumba cha kushoto, kile cha kuongozea jahazi, na kwamba siku vidole hivyo vitakapozeeka nchi itakwama. Ili kuthibitisha akaishika kontrola ya kwanza, akaliongoza jahazi hadi kwenye mwamba wa kwanza kabisa, likazama.

— Ukiona vyaelea, vimeundwa, akasema.

— Limezama, bwana, Fundi Waya akamjibu.

Ndipo nikatazama ile kontrola mikononi mwa Profesa. Kushoto alama ya msalaba ya kuongozea, kulia vitufe viwili vya kupigia makasia. Mikono miwili. Sijui kwa nini ilituchukua asubuhi nzima kuliona jambo lililokuwa mbele ya macho. Kontrola ya kwanza ndiyo iliyokuwa ya Tetsuji siku zote. Hisae alikuwa wa pili, na mtaa mzima ulimwita Namba Mbili mpaka alipomaliza sekondari, kwa sababu kaka yake hakumpa ile ya kwanza hata siku moja.

Hisae naye akawa ameliona.

— Hataweza, akasema.

Kila mmoja akakimbilia kuokoa. Profesa akasema tuifunge kontrola kwenye goti, kidole gumba kiongoze na kiwiko kipige makasia. Mimi nikasema tuibane kwenye ubao wa kukatia tofu kwa skrubu mbili. Profesa akaongeza kwamba mguu wa kushoto ni mzima, na zipo nchi watu wanaandika kwa vidole vya mguu, kwa hiyo avue soksi. Fundi Waya, ambaye hana nia mbaya ila hana breki, akashusha pumzi.

— Kidole kimoja hakivunji chawa.

Nilimkanyaga. Nilichelewa, maana Hisae alikuwa ameshaanza kuviringisha waya ili airudishe mashine kwenye boksi.

Wakati huo mama mmoja akafunga breki mbele yetu, akateremka kwenye baiskeli. Alikuwa Bi Nishiwaki, mtembelea wagonjwa wa kata yetu, aliyetangulia kupima kizingiti cha duka kama kiti cha magurudumu kitapita. Alitusalimia, akatazama televisheni juu ya kreti, akatabasamu. Akasema kwao hawakuwahi kuwa na mashine ile, baba yake aliamini inapofusha. Akaiokota kontrola ya pili iliyokuwa imelala peke yake benchini, akaigeuza.

— Haya matundu ni ya nini?

— Ni maiki, Hisae akasema. Iko kwenye ya pili tu.

— Maiki ya kufanyia nini?

Hisae akaeleza kwa kusitasita, kama mtu anayetoa siri ya kitoto. Katika mchezo ule kuna samaki wakubwa wanaofuata jahazi. Wa kwanza analiongoza. Wa pili, akiwaona samaki, anapiga kelele kwenye maiki nao wanakimbia. Ndiyo ilikuwa kazi yake miaka yote, kukaa ubavuni mwa kaka yake na kupiga kelele. Sisi majirani tunakumbuka. Alikuwa akipaza "Kaka, angalia!" kila alasiri, mpaka siku moja mteja kwenye kiti cha kinyozi cha baba yangu alikatwa sikio kidogo kwa kushtuka.

Bi Nishiwaki aliisogeza ile kontrola karibu na macho.

— Inataka maneno, akauliza, au sauti tu?

Nikamtazama Fundi Waya, naye akainama kuyachungulia yale matundu. Maiki hazikuwahi kuletwa kwake, kwa kuwa mtoto haendi kwa fundi kwa ajili ya kontrola ya pili. Profesa akaanza kusema kwamba labda inaelewa lafudhi ya huku Osaka tu, akaiachia njiani. Hisae alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Kila alasiri ya utoto wake alikuwa amepaza maneno yaleyale, na samaki walikuwa wamekimbia, na hakuwahi kujua walikimbia nini.

Tungeweza kujaribu. Tulikuwa na nafasi ya kujaribu, lakini gari la wagonjwa likaingia kutoka upande wa kituo cha treni, likilia pii pii kwa kurudi nyuma, nasi tukabaki tumesimama.

Tetsuji akateremshwa kwa lifti ya gari, juu ya kiti cha magurudumu. Alikuwa amepungua, na nywele zake nani alizikata sijui, ila hakuwa mtu wa kazi. Hakutazama mtu. Alitazama duka lake, akainamisha kichwa, na kidogo kidogo nikamwona anageuza uso kuelekea ukuta wa duka la miamvuli.

Hisae hakumwita. Alikaa benchini, akaishika kontrola ya kwanza, akabonyeza kitufe cha kuanza. Ule muziki ukatoka.

Kichwa cha Tetsuji kikarudi. Akamwona dada yake na namba moja mkononi, na nakuambia, nilimwona akikunja uso. Ulikuwa uso wa kaka mkubwa aliyeguswa kitu chake. Hisae akakivuta kiti hicho bega kwa bega naye, akamwekea ile ya pili kwenye kiganja cha kushoto, bila kumtazama, kwa sababu jahazi lilikuwa linampeleka vibaya. Hakuwahi kuliongoza maishani mwake. Samaki wa kwanza akatokea chini ya kioo. Akapanda.

— Kaka, angalia, akasema, taratibu, na maiki haikuwa kwake.

Tetsuji aliinua mkono wa kushoto hadi mdomoni.

Kilichotoka hakikuwa neno. Kilikuwa kikavu na kizito, kama mlango wa bati wa duka lililofungwa muda mrefu unaponyanyuliwa, na kilimtoa jasho. Samaki akageuka, akakimbia.

Hakuna aliyepiga makofi. Profesa alikuwa amevua kofia, na Bi Nishiwaki alisahau kupima kizingiti. Machozi yalikuwa yanamtoka Hisae hata hakuona mwamba, akaugonga, jahazi likazama. Tetsuji akaiweka maiki mapajani, akapiga mkono wa kiti kwa ngumi, akamtazama dada yake kwa hasira, akairudisha maiki mdomoni, akangoja.