Nani Atampokea Balkani

Ijumaa alasiri, miezi hii ambayo Doha hukumbuka kwamba hata jangwa lina baridi yake, Mkenya mwenye maoni utampata Al Rayyan, nyuma ya kafeteria ya Mhindi auzaye chai ya karaki, kwenye benchi la simiti lenye ufa katikati. Hapo hukaa Jeremiah, soja wa geti kule Al Sadd, aitwaye Bunge kwa kuwa hajawahi kupitisha hoja bila kuipinga kwanza. Pembeni yake ni Trevor, dereva wa familia ya Kiarabu. Wanamwita GPS, na hupotea. Kahawa huletwa na Scovia wa Mbale, mfanyakazi wa hoteli, ndani ya chupa kubwa ya chai. Yeye ni Rolex, kwa ile chapati ya mayai ya kwao ambayo huisifu mpaka watu wameze mate. Na mwisho wa benchi hukaa Daktari Philip, mzee wa Kimilili mwenye mvi, mhadhiri wa chuo kikuu. Jina lake la kijiweni ni Balkani, kwa ile pembe ya Ulaya anayoifundisha.

Siku hiyo aliwaambia kwamba Jumapili anaondoka.

— Khalas kabisa? aliuliza Bunge.

— Khalas. Mkataba umeisha na somo lenyewe limefungwa. Wanafunzi wa kusoma habari za Balkani hawapatikani tena.

— Nisikufiche, Daktari, alisema GPS. Mimi mwaka wa kwanza nilidhani Balkani ni mtaa mpya huko Al Wukair. Nilikuwa natafuta njia yake.

Walicheka. Rolex akamimina kahawa, akampa mzee kikombe cha kwanza.

— Basi tueleze mara ya mwisho, mzee wangu. Hao watu wako waligombania nini?

Philip alifungua mdomo, lakini kijiweni swali halingoji mwenyewe.

— Hiyo mimi najua, alidakia Bunge. Si walikuwa wanaongea lugha moja?

— Wengi wao, karibu moja.

— Ndiyo hiyo! Ukielewa matusi yote ya jirani, amani utaitoa wapi? Wahenga walisema, kuuliza si ujinga.

— Hiyo methali imeingiaje hapo? alisema Rolex.

— Imeingia tu. Sogeza sukari.

GPS alitikisa kichwa.

— Zii, wasee. Ni barabara. Daktari, huko kulikuwa na raundabauti?

— Chache.

— Mmeona! Hapa Doha, kwa raundabauti kila mtu anangoja mwenzake. Mhindi anangoja Mwarabu, Mwarabu anangoja Mnepali. Nchi ya njia panda tupu lazima ipigane. Haraka haraka haina baraka.

— Mwarabu gani amewahi kukungoja wewe?

— Nimesema sheria, Bunge. Sijasema vile inafanyika.

— Nyote hamjui kitu, alisema Rolex. Ni baridi. Daktari alituambia theluji hukaa miezi. Watu wamefungiwa ndani, wanaangaliana, na pipa la kabeji ya chumvi kwa kona. Mtu akinusa kabeji hiyo mpaka theluji iyeyuke, siku akitoka nje lazima atangaze nchi yake!

Philip alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu ile harufu ilimjia kweli: kabeji, moshi wa kuni na soksi mbichi zilizoanikwa juu ya jiko.

— Aliitwa Mama Etelka, alisema.

Wote walimgeukia. Miaka yote amewapa mikataba, mipaka na wafalme. Mtu mwenye jina hajawahi kuwapa.

— Mwenye pipa hilo la kabeji. Nilifika mji wa Novi Sad nikiwa kijana, Yugoslavia bado ni nchi moja. Nilikuwa nimepewa skolashipu ya kusomea kilimo. Nikapanga chumba kwake. Alikuwa Mhungaria wa hukohuko. Mpaka ndio ulihama, wao hawakuhama. Aliomba Mungu kwa Kihungaria, sokoni alipatana bei kwa Kiserbia, mayai alihesabu kwa Kijerumani. Kuku aliwagombeza kwa Kislovakia.

— Kwa nini kuku ni Kislovakia? aliuliza Rolex.

— Nilimuuliza hivyohivyo. Akasema, "Niliwanunua kwa jirani Mslovakia. Lugha nyingine hawajui."

Bunge alipiga makofi.

— Chumbani tulikuwa watatu, aliendelea Philip. Mimi, Lajos ambaye ni Mhungaria, na Ivica, Mkroatia. Na tulikuwa na koti moja zuri. Mwenye kwenda kumwona msichana ndiye aliyelivaa. Mimi lilinifika magotini, lakini nilienda nalo.

— Daktari! Kumbe!

— Sikuzaliwa na mvi, GPS.

Alisugua magoti. Sauti ilishuka.

— Vita vilipokaribia, Ivica aliondoka asubuhi moja bila kuaga. Lajos akatafutwa aingie jeshini akapigane na akina Ivica. Akavuka mpaka, akapotea. Koti lilibaki msumarini. Kila mmoja alimwachia mwenzake. Nikawa nalala peke yangu katika chumba cha vitanda vitatu. Kilimo nikakiacha. Nilitaka kujua jambo moja tu: ni wakati gani mtu anaacha kuwa Ivica, anakuwa Mkroatia?

Hivyo ndivyo maisha yake yalivyokwenda. Alizunguka vijiji vya watu wachache ambao nchi zao zenyewe huwasahau, akanywa kahawa jikoni kwao, akauliza waliimba nini harusini na kwa lugha gani. Akaandika vitabu. Akaitwa huku na kule kuhutubia. Ndoa ilikuja, ikachoka kungoja, ikaondoka.

— Na Ivica? Ulimwona tena? aliuliza Bunge polepole.

— Zagreb, mji wa kwao, baada ya miaka mingi. Alikuja ukumbini nilipokuwa nikihutubia, akakaa nyuma. Fundi wa umeme, mnene, na wajukuu. Nilikuwa na maswali yangu yote. Yeye akaniuliza moja tu: "Lile koti lilienda na nani?"

— Ukamjibu nini?

— Sikumjibu. Nilikuwa nimelivaa.

Mhindi aliita jina la mtu ndani ya kafeteria. Gari likapiga honi.

Aliyefuata kusema ni Nafula, mgeni wa Rolex, aliyekuja Qatar juzijuzi kufanya kazi za nyumba. Alikuwa amesimama muda wote na kikombe chake, akiona haya kukaa.

— Samahani, Baba. Hiyo Jumapili ukifika Nairobi, nani atakupokea?

GPS akatazama viatu vyake. Philip akafikiri. Mama Etelka amekufa. Wanafunzi wake wametapakaa Ulaya. Kimilili yuko dada yake, Nasimiyu, lakini hawajaonana tangu walipomzika baba, na salamu za Krismasi zimekuwa zikifupika kila mwaka.

Rolex aliinamisha chupa juu ya kikombe cha mzee. Likatoka tone.

— Kahawa imeisha, alisema kwa upole. Piga simu.

Philip alipiga. Kwa kuwa masikio yake si ya ujana, aliweka sauti ya nje.

— Mulembe, alisema kwa salamu ya kwao, kama mtoto anayesoma ubaoni.

— Mulembe. Nani mwenzangu?

— Philip.

— Philip yupi?

Angeweza kusema daktari. Angeweza kusema wa Ulaya, wa Qatar.

— Mdogo wako, alisema.

Upande wa pili wakasikia mtu akivuta kamasi.

— Uko mgonjwa?

— Hapana. Narudi nyumbani Jumapili. Sina mtu wa kunipokea.

— Huna mtu? Nasimiyu alipaza sauti. Nimekufa? Nitapanda basi la Jumamosi. Ndege inatua saa ngapi?

Philip hakukumbuka. GPS akapiga kelele kwamba hiyo ndege anaijua, Bunge akapinga kwamba haijui, Rolex akawanyamazisha wote wawili kwa Kiganda, na Nafula akacheka kwa mara ya kwanza.

— Na hao wanaopiga kelele ni watu gani?

Mzee aliwatazama, mmoja baada ya mwingine.

— Ni watu wetu, alisema, akasogea ili Nafula apate pa kukaa.