Mtoe Mtu, Kiache Kiti

Mheshimiwa Mkaguzi wa Usajili wa Wilaya, Mama Kothainayagi, mgeni wetu rasmi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa mawakili wa mji huu. Bwana Thiruvengadam, Msajili wetu wa Vyama, ambaye ndiye tumekuja kumuaga. Mama Alamelu, mke wake. Watumishi wa ofisi hii. Ndugu wanachama wa Chumba cha Kusomea cha Wafumaji, wa kundi la kulia na wa kundi la kushoto, maana naona hata leo mmekaa mbalimbali. Mabibi na mabwana, nawasalimu nyote kwa heshima.

Ratiba inasema Wakili Poonguzhali ataongea dakika tano. Lakini nilipokuwa nainuka, karani mkuu alininong'oneza, "Mama, ongea mpaka Pichandi arudi." Pichandi ni tarishi wa ofisi hii, na sasa hivi yuko mahakamani, ng'ambo ya stendi ya mabasi, anasubiri karatasi moja ichapwe. Kwa hiyo mkiona nazunguka sana, msinilaumu. Nimetumwa.

Mnaona wenyewe mambo yalivyo. Mashada ya asumini yamefunikwa kwa kitambaa chenye maji chini ya meza. Shali ya kumvika mgeni wetu bado imekunjwa. Mpiga picha ameketi. Hakuna anayethubutu kumvika mtu shada la kustaafu kabla hajajua kama atastaafu. Na Mama Kothainayagi ana barua mbili ndani ya jalada lake, sote tunajua. Moja inamruhusu Bwana Thiruvengadam aende nyumbani kwa heshima baada ya miaka thelathini na minne. Nyingine inamsimamisha kazi leo leo, siku yake ya mwisho, kwa sababu ana tuhuma mahakamani. Katika jimbo letu hili si jambo geni. Ni wangapi tumewaona wakipikiwa pilau ya kuagwa asubuhi, na jioni wanarudi nyumbani na barua ya kusimamishwa? Ofisi inafungwa saa kumi na mbili kasorobo. Sasa ni saa kumi na moja na dakika kumi.

Na tuhuma hiyo, mabibi na mabwana, niliiandika mimi.

Naona Mama Alamelu ananitazama. Ana haki. Mama, acha niseme yote.

Miaka minne iliyopita Chumba cha Kusomea kilifanya uchaguzi, na zikatoka kamati mbili, kila moja ikidai ndiyo halali. Kundi la kulia liliwahi kuleta fomu yake hapa dirishani, na Bwana Msajili akaandika majina yao kwenye daftari. Kundi la kushoto likaja kwangu, likiongozwa na katibu wake, Mzee Sabanayagam, yule pale safu ya tatu mwenye miwani ya kamba. Nikawaambia, ah, hili ni suala la nyumbani, wanachama kwa wanachama, Msajili tumwache anywe kahawa yake. Nikawashtaki kundi la kulia peke yao. Miaka miwili baadaye tukashinda.

Nilikuja hapa na hukumu mkono mmoja na boksi la ladu, vile vitamu vya kusherehekea, mkono wa pili. Bwana Thiruvengadam akaisoma hukumu yote akiwa amesimama, kurasa kumi na tisa, hata ladu hakuzitazama. Kisha akasema, "Mama Wakili, hukumu nzuri. Lakini inamwamuru nani?"

"Inakuamuru wewe ufute majina hayo."

"Mimi simo. Nitafutie jina la ofisi hii humu ndani."

Nikatafuta. Halikuwemo. Nilijua halimo, lakini nilitafuta hivyo hivyo, nikifunua kurasa mbele ya foleni nzima ya watu.

Akaniambia kwa ile sauti yake ya taratibu inayoudhi, "Mkigombana nani mwenyekiti na nani mweka hazina, niacheni na kahawa yangu, mahakama itawaamua ninyi kwa ninyi. Lakini mkitaka nifute nilichoandika kwenye daftari la serikali, mimi lazima niitwe. Niulizwe niliandika kwa nini. Niamriwe kwa jina la ofisi. Vinginevyo kesho mwingine atakuja na hukumu yake, ambayo mimi sikusikilizwa, na daftari hili litakuwa ubao wa darasani."

Mawakili vijana mlioko hapa, andikeni hayo. Mimi ningeyaandika siku ile, nisingesimama hapa leo nikisubiri karatasi.

Sikuandika. Nilikasirika. Nilirudi ofisini kwangu nikafungua shauri jipya, na safari hii nikamuunganisha kweli kwenye kesi, tena kwa hasira. Mtu mwenye akili timamu angeandika, "Msajili wa Vyama," basi. Mimi niliandika jina lake, jina la baba yake, mpaka mtaa anaokaa. Halafu kwenye aya ya kumi na nne nikaongeza kwamba aliandika majina yale kwa nia mbaya, akishirikiana na kundi la kulia. Ushahidi? Sikuwa nao. Nilikuwa na aibu ya lile boksi la ladu, basi.

Nani huyo mlangoni? ... Ni mtu wa kahawa. Pita, kaka, pita. Anza na meza kuu.

Jumatano ya wiki iliyopita Pichandi alinisimamisha nje ya mahakama. Akaniuliza, "Mama Wakili, unajua Bwana anastaafu tarehe thelathini?" Nikamwambia hongera zake. Akasema, "Hongera gani? Wakubwa wameiona aya yako ya kumi na nne. Ruhusa yake imezuiliwa. Mama Alamelu ameshapaka nyumba chokaa, ameshaalika ndugu kutoka Salem, na mzee wa watu hali chakula." Akaenda zake, hata kuaga hakuniaga.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo, na nasema wazi kwamba nilistahili. Niliyapitia majalada yote ya shauri lile. Fomu ya kundi la kulia ilikuja mapema kwa siku tatu, ikiwa na saini zote na muhtasari wa mkutano. Ya kwetu ilikuja imechelewa, na saini mbili zimekosekana. Mtu yeyote wa haki angeandika alichoandika yeye. Uchaguzi wao ulikuwa na kasoro, mahakama ilishasema. Yeye hakuwa na kasoro.

Nikamwita Mzee Sabanayagam. Maana shauri ni lake, siwezi kubadilisha bila yeye. Mzee huyu, tangu kundi la kulia walipotia kufuli kile chumba, kila alasiri anakaa kwenye ngazi ya mlango na kuwasomea wafumaji gazeti kwa sauti. Miaka minne, kwenye ngazi, maana ufunguo umebaki kwa walioandikwa daftarini. Nilimwogopa kuliko hakimu. Nikamwambia nataka kuomba mahakama ilifute jina la Bwana Thiruvengadam na aya ile yote.

Akaniuliza, "Tukimtoa, tutabaki na nani wa kufuta majina?"

"Na ofisi, Mzee. Msajili wa Vyama, awe nani awe nani."

"Hiyo ofisi haistaafu?"

"Haistaafu."

Akafuta miwani yake kwa pindo la shuka alilojifunga. Akasema, "Basi mtoe mtu, kiache kiti. Mimi nagombana na daftari. Sigombani na mume wa Alamelu." Akaweka saini.

Jumatatu nikapeleka ombi. Leo saa nane na nusu Mheshimiwa Hakimu amenisikiliza. Amenitazama juu ya miwani, akaniuliza, "Wakili, aya ya kumi na nne uliiandika wewe au hasira yako?" Nikasema, "Mheshimiwa, hasira ndiyo iliyoandika, saini ni yangu." Akasema amri itachapwa. Na mashine ya kuchapia ya mahakama yetu mnaijua. Mama Kothainayagi naye amesema neno la haki, kwamba hawezi kusaini kwa maneno ya wakili, mpaka aione karatasi yenyewe. Hata ningekuwa mimi, wakili huyu nisingemwamini.

Saa ngapi sasa? Saa kumi na moja na nusu. Niwaambie nini tena? Niwaambie kwamba huyu bwana hajawahi kumwambia mtu aje kesho kama jambo linawezekana leo? Kwamba ...

Pichandi. Njoo, njoo, usiniletee mimi, mpelekee mgeni rasmi. Pumua kwanza.

Ndugu wageni, tunyamaze kidogo, Mheshimiwa anasoma.

Amegeuza ukurasa.

Ametoa kalamu. Mama Alamelu, ametoa kalamu. Ni barua ya juu, ile fupi, ya kumruhusu aende nyumbani. Amesaini.

Naomba msipige makofi bado, Bwana Thiruvengadam amenyoosha mkono. Anasema ... Tafadhali, nyamazeni nisikie. Anamuuliza Pichandi kama kuna karatasi nyingine. Ipo? Ni nini? Ni wito wa mahakama kwa Msajili wa Vyama, kwa jina la ofisi. Pichandi anasema utapokelewa na msajili mpya.

Bwana Msajili anasema mpya anakuja baada ya wiki tatu, na bila mtu wa kupokea, shauri halisogei. Anasema, naomba nirudie maneno yake sawasawa, "Zimebaki dakika kumi na mbili. Leteni muhuri."

Basi mnaona. Ameupiga muhuri mbele yenu. Ameandika saa. Mzee Sabanayagam, msajili wako amepatikana, tena amejileta mwenyewe. Sasa simama, Mzee, acha kulia, shika lile shada la kwanza, maana nilikuahidi utamvika wewe. Bwana Thiruvengadam, mimi nitakuomba radhi nyumbani kwako, mbele ya ndugu wa Salem, kama Mama Alamelu atanifungulia mlango.

Mmenivumilia muda mrefu, nawashukuru nyote. Mpiga picha, inuka.